Nyumba ya Fundi Saa

Brashi ya viatu ilikuwa ikienda na kurudi taratibu nyuma ya pazia. Nje bado giza. Sindano alifumbua macho, akasikiliza, akajua ni mumewe, na akajua anasugua viatu gani, maana nyumba nzima ilikuwa na jozi moja tu ya kusuguliwa. Hakuinuka. Alimwacha amalize, kwa sababu mumewe angeona haya kukutwa.

Mume huyo alikuwa fundi wa friji. Vidole vyake vilizoea mabomba ya shaba, si viatu vya kike, na alivishika kama mtu aliyeshika kifaranga. Mama yake, aliyekuwa amelala kwenye kochi, aliinua kichwa.

"Unasugua kiatu au unakwangua ukoko?"

"Nasugua, mama. Leo mkweo anapeleka wateja kwenye nyumba."

"Kwani wananunua viatu?"

"Dalali huangaliwa miguuni kwanza."

"Dalali huangaliwa mdomoni," mama akasema, akajivutia shuka. "Na huyu wetu hakupewa mdomo. Alipewa cherehani, mkaiuza."

Hilo la mwisho alilisema chini chini, lakini pazia halizuii neno. Ni kweli cherehani walikuwa wameiuza. Kwa miaka mingi Sindano alishona sare za shule na magauni ya sherehe za watu wengine, na ndiko jina lilikomshikia. Kisha akasikia kwamba udalali wa nyumba siku hizi unasomewa, mtu anafanya mtihani, anapewa leseni yenye picha yake. Cherehani ikalipa ada. Leseni ilitundikwa ukutani pale pale ilipokuwa cherehani, na chini yake, sakafuni, bado zilionekana alama za miguu ya chuma.

Tangu aipate hakuwa ameuza hata kibanda. Mwenye ofisi, ambaye wote walimwita Madamu, alimwambia waziwazi kwamba wapo wengine wanaoitaka ile meza ya karibu na dirisha, na kwamba nyumba ya fundi saa ndiyo ya mwisho anayompa. Akiiuza, meza itabaki yake. Asipoiuza, ampishe mwenzake. Sindano alilileta neno hilo nyumbani mara moja tu, wakati wa kula, na baada ya hapo hakuna aliyeongeza chakula.

Alipotoka nyuma ya pazia alivikuta viatu mlangoni, vimeelekezwa nje, tayari kuvaliwa. Mumewe alikuwa uani, anajifanya anatafuta spana.

*

Nyumba ile ilikuwa ya zamani, kwenye barabara tulivu, ina ua na vyumba vya kutosha familia. Mwenyewe alikuwa mzee mjane aliyetengeneza saa za watu maisha yake yote. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mji mwingine, naye ndiye aliyepiga simu ofisini. Baba anazeeka, alisema, nyumba inamzidi, bora iuzwe ahamie kwake, ghorofa ya nne, lifti ipo. Kila jambo lilipangwa na mwana kwa simu. Mzee alikuwa akisema tu, sawa, mtakavyoona.

Sindano alimpenda tangu siku ya kwanza. Alikaribishwa kwa chai ambayo mzee aliimimina mwenyewe bila kumwaga tone. "Leo umevaa viatu vya kisigino," alimwambia siku moja akiwa bado kwenye kizingiti. Siku nyingine alimwambia, "Umechoka, mwanangu, kaa kwanza." Karatasi ya kumruhusu dalali kuitangaza nyumba aliitia sahihi pale pale Sindano alipomwekea kidole. Nyumba ilikuwa safi, ila ilijaa. Viti vya sebuleni vilipangwa mgongo kwa mgongo kutoka mlangoni hadi jikoni, kama watu kwenye foleni ya benki. Kabati lilijitokeza katikati ya korido. Na kila chumba kilikuwa na saa yake ya ukutani, hata chooni, zote zikigonga, kila moja kwa sauti yake.

Kuna jambo ambalo mwalimu wa mafunzo alilirudia mpaka wanafunzi wakalishika kwa moyo. Mteja hanunui maisha ya mtu, ananunua nafasi. Shusha vya ukutani, ondoa vikorokoro, sogeza viti, ili mteja akiingia ajione yeye. Basi siku moja kabla ya wateja kuja, alasiri, wakati mzee ameketi kwa jirani yake muuza mkaa kama kawaida yake, Sindano na mumewe walimwomba ufunguo wakafanye usafi kidogo. Mzee aliwaambia wasijichoshe, akautoa mfukoni.

Wakajichosha. Viti vyote wakavipeleka ukutani. Kabati likasukumwa chumbani. Sindano akapanga upya rafu ya jikoni, makopo makubwa nyuma, madogo mbele. Saa alizishusha mwenyewe, akazisimamisha zisiumie, akaifunga kila moja kwa kitambaa alichobaki nacho cha kushonea, akazilaza kwenye sanduku chini ya kitanda, kama anayelaza watoto. Walipomaliza, mumewe alisimama katikati ya sebule akasema hapa sasa watu wanaweza kucheza mpira. Waliuacha ufunguo kwa muuza mkaa na kurudi nyumbani kwa miguu wakichekacheka. Waliona wamemfanyia mzee wa watu jambo jema, na kweli nia yao ilikuwa hiyo.

*

Wateja walikuwa muuza vipuri vya magari na mkewe. Mume alikuwa mtu wa haraka, anayekupa mkono huku anajibu simu. Mke alikuwa mpole, tena alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Fundi friji alikuwa amekuja pia, na mkoba wake wa vifaa, kwa sababu bomba la jikoni lilikuwa likivuja na alitaka kulikaza kabla mteja hajaliona.

Sindano alibisha. Kimya. Akabisha tena, na sauti ya mzee ikajibu kutoka karibu sana na mlango, chini, kwamba wapite, pako wazi.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kwa nguo zile zile za jana. Kwenye kipaji cha uso palikuwa na damu iliyokauka. Alipowasikia wanaingia alijaribu kuinuka upesi, akatupa mkono kando ashike kitu ambacho hakikuwepo, akapepesuka. Fundi friji alimdaka.

"Samahani," mzee akasema, akijikung'uta suruali. "Niliangusha kitu nikawa nakitafuta." Aliugeuza uso upande ambao hapakuwa na mtu, akatabasamu huko. "Karibuni, wageni. Ningewapa chai, ila kopo la majani limenikimbia."

Hapo ndipo Sindano alipomtazama macho, akamtazama kweli. Yalikuwa macho mazuri, maangavu, ila hayakumfikia mtu. Akavitazama viti vilivyobanwa ukutani. Akazitazama alama nyeupe za saa kwenye rangi ya ukuta.

"Babu," akasema polepole, "huoni."

"Naona dirisha likiwa na jua," mzee akajibu. "Usiseme kwa sauti."

Mke wa muuza vipuri alikuwa amesikia. Alikwenda jikoni, akarudi na bakuli la maji na ncha ya khanga yake, akapiga magoti, akaanza kumfuta mzee uso kama anayemfuta baba yake. Mumewe alikuwa upande wa pili wa sebule, anaipima kwa hatua, uso umemkunjuka.

"Pana sana hapa," alisema. "Seti yangu yote ya makochi inaingia. Dada, tukitoa arubuni leo leo, unatuandikia?"

Hilo ndilo neno ambalo Sindano alilingoja tangu apigwe picha ya leseni. Alimtazama mumewe. Mumewe naye alilisikia, na alijua linabeba nini, lakini hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alivuta kiti kimoja kutoka ukutani, akamkalisha mzee.

Sindano akachutama mbele ya kiti. Mzee alimsimulia kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia mtu mwingine. Jana jioni aliingia, akafunga mlango, akasikiliza. Hakuna saa hata moja iliyogonga. Akadhani ameingia nyumba ya watu. Akatoka, akaupapasa mlango, akatambua ni wake, akaingia tena. Akanyoosha mkono ashike kiti cha kwanza. Hakukipata. Akaenda hivyo hivyo mpaka kidato cha kushukia jikoni kikamwangusha.

"Sebule mmeipanua kweli, mwanangu," alimalizia. "Nimeizunguka usiku kucha sijaimaliza."

Alicheka, na kicheko chake ndicho kilichomuumiza Sindano kuliko lawama. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Viti vile vilikuwa reli ya kushika. Kabati lilikuwa la kumwambia korido inapinda wapi. Na saa zilikuwa zikimwambia yuko chumba gani. Alikuwa amezifunga vizuri kabisa, kwa mikono ya upendo, akazinyamazisha zote.

Akainuka, akamwomba muuza vipuri amsubiri kidogo, akaenda kulivuta sanduku.

Tatizo hakujua ipi ya wapi. Alama za ukutani zilikuwapo na misumari ilikuwapo, lakini jana hakuona haja ya kukumbuka. Akaifungua ya kwanza, akaitia ufunguo, akaishika karibu na sikio la mzee.

"Ya jikoni," mzee akasema papo hapo. "Isikie, inaburuta mguu."

Ya pili akasema ni ya korido, ina haraka, marehemu mke wake alikuwa akiigombeza. Ya tatu aliisikiliza kwa muda mrefu kuliko haja, kisha akasema hii ya chumbani, hii ndiyo inayomlaza. Ikafuata moja ndogo, yenye sauti kali.

"Hiyo ya chooni. Tafadhali isikosee njia, maana itanipeleka pabaya."

Mke wa muuza vipuri aliangua kicheko, akaichukua, akaenda kuitundika mwenyewe. Fundi friji alikuwa tayari anarudisha viti kwenye foleni, na mzee anatembea nyuma yake, anavipima kwa kiganja, hiki sogeza, hiki umekipindisha, hapa nitajigonga goti. Nafasi yote ya jana ikayeyuka.

Muuza vipuri aliweka simu mfukoni.

"Dada, nielewesheni. Hapa watu wanahama au wanahamia? Nyumba inauzwa au haiuzwi?"

"Sijui," Sindano akasema. "Ngoja nimwulize mwenyewe."

Lilipomtoka mdomoni ndipo alipogundua kwamba hajawahi kumwuliza. Bei aliizungumza na mwana. Tarehe aliizungumza na Madamu. Na mzee alikuwa akizungumza naye habari za chai. Akamshika mkono.

"Babu, wewe unataka kuuza?"

Mzee alitega sikio upande wa jikoni. Saa za jikoni na korido zilikuwa zimeshaanza kazi.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," alisema. "Nataka kukaa mahali ambapo nikiamka usiku najua choo kiko wapi. Kwa mwanangu ni pazuri, nilikwenda. Lakini saa zake hazina sauti."

Akaeleza kwa nini aliwaficha. Siku ambayo mwanawe angejua, angekuja siku hiyo hiyo na gari kumchukua, na angekuja kwa mapenzi. Mtu akija kukuchukua kwa mapenzi, utamkatalia vipi? Kwa hiyo alikubali nyumba iuzwe, akitumaini haitapata mnunuzi.

"Nikasema huyu dalali ni mgeni kazini," aliongeza, na sauti ikapata aibu kidogo. "Nisamehe. Nilifurahi ulipoletwa wewe."

Sindano hakujua acheke au alie. Alimfunga mzee kifungo cha shati kilichokuwa wazi, ili mikono yake iwe na la kufanya.

Muuza vipuri alitoka kwenda garini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefunga duka asubuhi nzima kwa ajili ya safari hii, na alimwambia Sindano, bila matusi, kwamba siku nyingine aulize wenye mali kabla ya kuita watu. Sindano alikubali kwamba ana haki. Mkewe alichelewa ndani. Alikuwa amemwuliza mzee makopo yake hukaa vipi, akayarudisha, kisha akauchukua mkono wake akauweka juu ya kopo la majani ya chai, kushoto kwa sukari. "Ndivyo?" akauliza. "Ndivyo hasa," mzee akasema, akabaki amelishika.

*

Kumpigia mwana ilikuwa kazi nyingine. Sindano alisema hatamwambia mtu bila ruhusa, ila jana mzee alilala sakafuni, na kesho inaweza kuwa mbaya zaidi. Mzee aliwaza mpaka chai ikapoa, kisha akasema apige, aanze yeye Sindano, naye atamalizia.

Mwana alianza kwa ukali. Nani amekupa mamlaka ya kurudisha wateja, alisema, na unajua nimehangaika kiasi gani. Sindano alimwacha amwage yote. Kisha akamwambia. Na mwanamume yule mzima, mwenye kazi na ghorofa, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Tangu lini?"

Sindano aliiweka simu kwenye kiganja cha mzee, akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

*

Madamu alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, bila kuandika kitu. Aliuliza kama muuza vipuri ameondoka na hasira. Aliuliza kama mzee ametia sahihi karatasi asiyoiona, na Sindano alipokiri, alifumba macho kidogo, akasema hilo peke yake lingetosha kuwafikisha pabaya wote wawili, na kwamba ni heri limekomea hapa.

"Mimi siendeshi nyumba ya kutunza wazee," alisema. "Naendesha ofisi. Nilikuambia, na nikisema nimesema."

"Ulisema, Madamu."

"Lakini nikueleze ili usilie njiani. Meza ni yangu. Leseni ni yako, ina picha yako, hakuna wa kukunyang'anya." Akamwambia aende na kalamu zake na kalenda, kisha, Sindano alipofika mlangoni, akamwita arudi achukue na kiti alichokuwa akikalia. Kile kiti kilikuwa kibovu, alisema, kinampa aibu. Kiti hakikuwa kibovu.

Fundi friji alikibeba kichwani mpaka nyumbani. Mtaa mzima uliwaona. Muuza nyanya wa kwenye kona alimwuliza Sindano kama sasa anauza fanicha, wenzake wakacheka, naye akajibu kwamba ndiyo, nyumba zimemshinda, ameanza na viti. Walicheka tena, safari hii pamoja naye, na ikawa rahisi kupita.

Mama mkwe aliuona msafara unaingia, akaelewa. Aliondoa dawa zake na redio kwenye meza ndogo iliyo chini ya dirisha la sebule, mahali pekee nyumbani ambapo mwanga ni wake na hakuna anayempinga, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Mama, hapo ni pako," Sindano akasema.

"Dirishani naona nini? Muuza nyanya nimemkariri. Weka kiti chako." Akaketi kwenye kochi na redio mapajani. Baada ya muda akauliza, huku anatafuta stesheni, kama huyo mzee jana alikula. Alipoambiwa hakula, alizima redio, akainuka kwenda jikoni, na jioni ile fundi friji alitumwa na bakuli lililofunikwa, akaambiwa alishike vizuri, lisimwagike, na akifika asisogeze kiti.

*

Mwana alikuja. Alikaa na baba yake siku kadhaa, akajigonga kwenye kabati la korido mara nyingi, akajifunza. Hawakukubaliana kwa yote, lakini waliafikiana kwamba nyumba haiuzwi kwa sasa, na kwamba vyumba viwili vya uani apangishwe mtu mwema atakayekuwa karibu. Alimpigia Sindano mwenyewe. Alisema hajui kama bado anafanya kazi ile, na kama bado ana hasira naye. Sindano alijibu kwamba kazi anaifanya, hasira hana, akaandika yote mezani, chini ya dirisha.

Vyumba viwili vya uani si nyumba, na ujira wake ni wa vyumba viwili. Lakini Sindano hakuwahi kufanya kazi kwa makini namna ile tangu alipokuwa akishona magauni ya maharusi. Kila aliyekuja kuona alimsimamisha kwenye mlango wa mbele, akamwomba afumbe macho na kutembea kwa kushika viti mpaka jikoni. Wa kwanza alicheka akafumbua katikati. Wa pili alisema hakuja kucheza. Wa tatu alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa makamo, mzito wa mwili. Alifumba macho, akaenda taratibu, akasimama kwenye kidato cha jikoni kabla hajaambiwa.

"Saa hii inaburuta mguu," alisema.

Mzee, aliyekuwa amekaa kimya pembeni akisikiliza nyayo, aligeuza uso kumwelekea Sindano, sawasawa alipokuwa, akatikisa kichwa kukubali.

Siku ya kukabidhi ufunguo karatasi ilisomwa kwa sauti, neno kwa neno, muuza mkaa akiwa shahidi, na mzee aliomba kifungu cha kutosogeza viti kirudiwe ili apate kukifurahia. Mpangaji alitia sahihi. Sindano akapokea ujira wake wa kwanza tangu awe dalali, akaufunga kwenye leso, akasema inabidi awahi.

Mzee alimsindikiza, kiti hadi kiti, mpaka mlangoni.

"Kazi yako hapa imekwisha, siyo?" aliuliza.

"Imekwisha, Babu."

"Basi njoo tena, mwanangu. Njoo siku ambayo huna mteja."